Kabla Hujanunua Gia Boksi, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo naongea na wenye vyombo. Najua wengi mnaonisoma kutoka Kunduchi, Msasani, Kawe na Mbweni, na wale wa Temeke na wa upande wa pili wa maji, Kigamboni, mna sehemu yenu kwenye mashua au boti ya tanga iliyofungwa injini ndani. Mwingine kanunua na mumewe, mwingine karithi kwa baba, na wengine ni kikundi cha akina mama kilichochoka kununua samaki wa mkono wa tatu pale Feri kikaamua kuwa na chombo chake. Hongereni. Ila mwenye chombo akiwa mwanamke, mambo ya injini watu hupenda kuyamaliza wenyewe, yeye akaletewa bei tu. Hilo ndilo nataka tuliongee.

Mdogo wangu mmoja wa Kunduchi ameniuliza hivi: injini inawaka vizuri, nahodha akiingiza gia inanguruma kwa nguvu, lakini chombo kinasogea kwa kusuasua. Ikishapata moto ndiyo kabisa, chombo kinasimama katikati ya maji. Fundi kapanda, kaangalia mara moja, kasema gia boksi imekufa, itafutwe nyingine, na hela itangulie.

Hiyo hela usiitoe leo.

Sisemi fundi ni mwongo. Inawezekana kabisa anachosema ni kweli. Lakini gia boksi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote baada ya injini yenyewe, na dalili ulizonitajia zinaletwa na vitu vinne au vitano, vingine bei yake haifiki hata ya ndoo ya dagaa. Anayetaka kubadilisha kitu kikubwa lazima kwanza akuonyeshe kwamba vile vidogo ni vizima. Akuonyeshe kwa macho, wewe ukiwa umesimama pale pale.

Anza na oili. Gia boksi ina oili yake, mbali na ya injini, na ina kijiti chake cha kupimia. Kitoe, kifute, kirudishe, kitoe tena. Oili ikiwa chini ya alama, klachi itateleza tu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi imeshaanza kuumia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yamepitia kwenye kipoza oili kilichotoboka au sili iliyochoka. Hapo usiwashe tena hata dakika moja. Maji chumvi yakilala ndani ya gia boksi usiku kucha, asubuhi beringi zimeshaota kutu.

Halafu uliza iliwekwa oili gani. Hapa nimeona vyombo vingi vikiharibiwa na watu wenye nia njema. Mtu anasikia neno gia, anakimbia dukani kuchukua oili nzito ya gia ya lori, namba 90 au 140, anajaza. Gia boksi ndogo za Yanmar kama KM2P zinataka oili ya kawaida ya injini, na kiasi chake ni kidogo, kama theluthi moja ya lita. Za Hurth, ambazo siku hizi zinaitwa ZF, hutumia oili nyekundu ya gia za otomatiki. Ukiweka nzito, klachi haishiki inavyotakiwa. Kila gia boksi ina kibati kilichogongwa namba na aina yake. Kisugue kwa brashi, kipige picha, uihifadhi kwenye simu yako. Picha hiyo utaihitaji tena, nitakwambia kwa nini.

Sasa kebo, na hapa naomba utulie unisikilize.

Mkono wa gia anaoshika nahodha umeunganishwa na gia boksi kwa kebo ndefu inayopita chini ya mbao, kwenye unyevu na chumvi. Kebo hiyo hukauka, huota kutu ndani ya ganda lake, au klipu inayoishikilia hulegea. Ikifika hapo, nahodha anasukuma mkono hadi mwisho, lakini kule nyuma kiwiko cha gia boksi kinakwenda nusu tu. Klachi inashika nusu. Kwa mwendo mdogo inabeba, nahodha akiongeza moto inateleza, na kila inapoteleza inajila yenyewe. Yaani kebo mbovu ikiachwa miezi michache, ndiyo inayoua gia boksi ya kweli. Na ukibadilisha gia boksi ukaacha kebo ile ile, hiyo mpya nayo itakufa.

Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, fundi aichomoe kebo pale inaposhikana na kiwiko, kisha akisogeze kiwiko kwa mkono wake mbele na nyuma hadi kigote. Mtu mwingine asukume mkono wa gia kule mbele, mtazame ncha ya kebo inatembea umbali gani. Ikitembea pungufu ya safari ya kiwiko, mmempata mchawi wenu. Wakati mwingine ni kukaza nati mbili tu, basi.

Kebo ikiwa nzima, funga chombo kwa kamba mbili imara kwenye kitu kisichong'oka, washa, ingiza gia mbele, muitazame shafti. Kabla hujainama pale, mdogo wangu, vua kanga na mtandio, funga nywele, panda na suruali. Shafti inayozunguka haimjui mtu, na kitambaa kikishikwa hakuna atakayewahi kuizima. Hili silisemi kwa kukutisha, nalisema kwa sababu nataka urudi nyumbani mzima.

Injini ikiongeza kasi na shafti ikabaki inazunguka kivivu, klachi inateleza, fundi ana haki. Kapulingi nyuma ya gia boksi ikizunguka vizuri lakini shafti haizunguki, basi ni bolti zimelegea au ule ufunguo mdogo wa chuma unaoishika shafti umekatika. Gia boksi haihusiki. Shafti nayo ikizunguka sawasawa na chombo hakizivuti kamba, zima injini, mtume kijana apige mbizi akaitazame propela: huenda imevaa makome kila upande, huenda imenaswa na wavu, huenda haipo kabisa.

Tuseme yote mmeyapitia na kweli ni klachi. Bado swali la kununua nyingine halijafika. Kwanza ifunguliwe, na ifunguliwe mahali pa kufungulia, mezani, siyo juu ya mchanga wa Kunduchi na upepo unapuliza. Kuitoa kwenye chombo, shafti lazima irudishwe nyuma sentimita kadhaa. Mkumbushe fundi aikabe shafti kwa klampu upande wa ndani isije ikachomoka yote, maana tundu lile la shafti likibaki wazi chombo kitajaa maji mkiwa mnatazama.

Nani aifungue? Fundi wa magari mzuri anaweza kufanya kazi nzuri ya beringi na sili, lakini ningependa awepo mtu anayejua mashine za baharini. Waliosoma Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam au chuo cha uvuvi Mbegani, Bagamoyo, wamo mitaani mwetu. Waulize manahodha wa boti zinazopeleka watu Mbudya na Bongoyo nani huwatengenezea. Shafti ikiwa na mfereji pale sili inapokaa, mafundi wa kuchonga vyuma Gerezani wanaiweza kazi hiyo. Nenda wewe mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, na kila kinachotolewa kipangwe mezani kwa mpangilio na kipigwe picha.

Utakachotazama ni hiki. Meno ya gia yakiwa mazima, hayajachimbika, na ganda la nje halijapasuka wala kuliwa na chumvi, tengeneza. Sahani za klachi au koni, beringi, sili na gasketi ni vitu vya kuchakaa, vimeumbwa kubadilishwa. Mwambie fundi abadilishe sili zote kwa pamoja, hata zile zinazoonekana nzima, kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua, siyo sili. Meno yakiwa yamemeguka, au maji chumvi yalikaa humo wiki nzima ukakuta shafti za ndani zina vishimo, hapo kutengeneza ni kutupa pesa. Na mimi, makadirio ya kutengeneza yakizidi nusu ya bei ya gia boksi nyingine iliyo nzima, naacha kutengeneza.

Ukifika kununua, ile picha ya kibati ndiyo itakayokuokoa. Usiende dukani na maneno kwamba ni ya injini ya silinda mbili. Gia boksi ina uwiano wake. Ukiona 2.62, maana yake injini inazunguka mara 2.62 ndipo propela izunguke mara moja. Propela yako ilichaguliwa kwa uwiano huo. Ukifungiwa yenye uwiano mdogo zaidi, propela itakwenda mbio kuliko inavyostahili, injini itaelemewa, utaona moshi mweusi na mafuta yatakwisha kabla hujafika mahali pa kutega nyavu. Uwiano wa gia ya mbele ulingane, upande wa kuzunguka ulingane, matundu ya bolti kwenye injini na meno ya shafti ya kuingilia yalingane, na kimo cha shafti ya kutokea kisitofautiane sana na cha zamani, la sivyo mtalazimika kuhamisha misingi ya injini. Ikiwa ni ya mtumba, izungushe kwa mkono ikiwa fri, kisha mbele, kisha rivasi. Ivute juu na chini pale nyuma usikie kama inacheza. Fungua bolti ya kumwagia oili uone kinachotoka. Muuzaji akikataa usifungue, mshukuru, ondoka.

Kuna jambo watu wa mjini hawalifikirii, nalo ni mwezi. Ikiwa kazi inataka chombo kikae mchangani, kwa mfano shafti itolewe yote, angalia bamvua. Hapa kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ndiyo maana wazee waliweza kutengeneza vyombo bila cherezo. Lakini ukikipandisha chombo siku ya kilele chenyewe, maji ya siku zinazofuata yatakuja machache kila leo, na kazi ikichelewa kidogo chombo kitabaki juu mpaka bamvua lijalo, kama wiki mbili, wakati mabaharia wako wamekaa bila kazi. Kipandishe siku mbili tatu kabla ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapo kila siku maji yanaongezeka, na kazi ikiisha yatakufuata yenyewe.

Kupanga shafti na gia boksi ziwe mstari mmoja, hilo lifanyike chombo kikiwa ndani ya maji na kimeshatulia walau siku moja. Chombo cha mbao kikiwa mchangani kinajipinda kidogo. Kikielea kinarudi umbo lake. Fundi azikaribishe nyuso mbili za kapulingi, apitishe fila geji juu, chini, kulia na kushoto. Tofauti isizidi sehemu ya kumi ya milimita. Akikwambia anapima kwa macho, mwambie kwa heshima, kaka fundi, nitakuazimia fila geji. Mtikisiko wa shafti isiyo sawa ndio unaokula sili na beringi mpya, na ndani ya mwaka mtarudi pale pale.

Nahodha naye aambiwe. Gia iingizwe injini ikiwa imeshushwa kabisa, siyo mkono mmoja unaongeza moto na mwingine unatupa rivasi kwa kujionyesha mbele ya abiria. Na mkienda kwa tanga injini imezimwa, tegeni masikio: Yanmar wanaelekeza gia iachwe fri, shafti izunguke na maji ipendavyo. Wapo wanaoingiza gia kuituliza. Kwenye gia boksi za klachi ya koni jambo hilo linaleta madhara. Kwa aina nyingine, fuata kitabu chake.

Siku ya kujaribu, toka asubuhi upepo haujakaza, ubaki unaiona Kunduchi. Usiende kujaribu kwenye mlango wa bandari ambako meli kubwa zinapita na haziwezi kukukwepa. Tanga liwe limeshafungwa kwenye foromali tayari kupandishwa, nanga iwe na kamba yake karibu na mkono, na kila mtu avae boya. TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo tangu 2018, hawakuliweka sharti hilo kwa ajili ya kutoza faini. Nenda mwendo wa kawaida saa nzima, simama, ingiza mbele na rivasi mara kadhaa, kisha tazama oili tena na upapase chini ya gia boksi kama kuna unyevu. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 50 za kazi, maana inabeba unga wa chuma wa vifaa vipya vikizoeana.

Na ile gia boksi ya zamani usikubali fundi aondoke nayo, wala usiiuze chuma chakavu. Ganda lake, kapulingi yake, kiwiko, hata bolti zake, ni spea za chombo chako. Ioshe kwa dizeli, ipake grisi, ifunge kwenye gunia, iweke chini ya kitanda ukiandika juu yake namba ya kibati.