Somo la Kipato: Blogu Binafsi kwa Mkazi wa Nyamisati

Msafiri anayekwenda Mafia kwa njia ya bara huiacha barabara kuu pale Bungu, akashika njia ya mashariki, na safari yake ya nchi kavu hukoma Nyamisati. Afikapo gatini huuliza maswali yaleyale waliyouliza waliomtangulia: chombo kinaondoka lini, nauli ni kiasi gani, pa kulala ni wapi, kaa na kambamiti hupatikana kwa nani. Majibu ya maswali hayo wanayo wakazi wa Nyamisati. Somo hili linaeleza namna majibu hayo yanavyoweza kuandikwa katika blogu binafsi, na masharti ya kuifanya kazi hiyo kuwa chanzo halali cha kipato.

Lengo la somo

Baada ya kusoma, mwananchi atarajiwe kujua mambo manne: blogu ni nini, fedha yake hutoka wapi, gharama na sheria zake ni zipi, na huduma gani za Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti zinamhusu mtu anayetaka kuianza.

Maana na asili ya blogu

Blogu ni ukurasa wa intaneti unaoendeshwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, ambamo maandishi na picha hupangwa kwa tarehe, ya karibuni yakiwa juu. Mwenye blogu huitwa mwanablogu. Huduma ya Blogger, inayotumika bila malipo, ilianza mwaka 1999 na ikanunuliwa na kampuni ya Google mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 2003 ilizaliwa WordPress, ambayo nayo hutumiwa na wanablogu wengi. Zote mbili hufanya kazi katika simu janja, hivyo kukosa kompyuta si kikwazo.

Katika Tanzania, kisa kinachojulikana zaidi ni cha Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti. Alifungua blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, alikokwenda kwa ajili ya mkutano. Aliyemsaidia kuifungua ni Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa uandishi wa blogu kwa Kiswahili na mwandishi wa blogu iliyoitwa Jikomboe. Michuzi aliweka picha na habari za nyumbani kila siku, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanapita hapo kabla ya kwenda kazini. Wasomaji walipozoea kurudi, matangazo ya biashara nayo yakafuata pembezoni mwa kurasa.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza, Michuzi alikuwa na kitu ambacho wasomaji wake hawakuweza kukipata kwa urahisi kwingine. La pili, wasomaji walitangulia, fedha ikafuata. Anayetanguliza fedha huishia kuandika chochote ili mradi ukurasa ufunguliwe, na msomaji aliyedanganywa mara moja harudi.

Nyamisati ina nini cha kuandikwa

Mkazi wa delta hana haja ya kushindana na magazeti ya Dar es Salaam. Yapo mambo anayoyajua yeye kuliko mhariri yeyote wa mjini. Safari za vyombo vidogo katika mito ya delta hufuata maji kujaa na kupwa. Nyakati za bamvua na za maji mafu humwamulia mtu siku ya kusafiri na siku ya kuvua. Delta ya Rufiji ina mojawapo ya misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Ng'ambo ya bahari, Kilindoni, wageni huja kumwona papa potwe, hasa kati ya Oktoba na Machi, na baadhi yao hupita Nyamisati. Yapo pia mashamba ya mpunga, korosho na minazi, ambayo wanunuzi wa mbali hawajui msimu wake wala njia ya kuyafikia.

Mwanablogu na achague jambo moja kati ya hayo, alishike. Blogu inayoeleza safari kati ya Nyamisati na Mafia kwa ukamilifu ina thamani kuliko blogu inayogusa siasa, mpira, muziki na tiba kwa wakati mmoja. Msomaji anapaswa kuweza kusema kwa sentensi moja blogu hiyo ni ya nini.

Njia za kipato

Njia ya kwanza ni matangazo yanayowekwa na Google kupitia mpango wa AdSense. Mwanablogu huomba, akikubaliwa matangazo hujiweka yenyewe katika ukurasa wake. Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Salio likifika dola 10 za Marekani, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Kwa hiyo mkazi wa kijijini aandike anwani ya sanduku la posta analoweza kulifikia. Malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100. Mwenye blogu haruhusiwi kubofya matangazo yake mwenyewe wala kuwaomba jamaa wambofyee. Akifanya hivyo akaunti hufungwa na fedha hupotea.

Hesabu ya njia hii ifanywe bila kujidanganya. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba kurasa 1,000 zikifunguliwa huleta dola 1, basi dola 100 zahitaji kurasa 100,000. Blogu inayofunguliwa mara 100 kwa siku itafika hapo baada ya siku 1,000, yaani karibu miaka miwili na miezi tisa. Kwa blogu ndogo ya kata, AdSense ni kitoweo. Ugali wake utafutwe kwingine.

Njia ya pili ni matangazo ya wafanyabiashara wa hapohapo: mwenye nyumba ya wageni, muuza kaa, mwenye duka la nyavu na vipuri vya injini za boti. Hawa hulipa kwa mwezi, kwa makubaliano ya maandishi, na fedha hupita kwa simu.

Njia ya tatu ni kuuza bidhaa au huduma ya mwanablogu mwenyewe. Mkulima wa korosho au muuza samaki wakavu anaweza kuitumia blogu kama kibaraza cha duka lake.

Njia ya nne ni kazi zinazotokana na jina jema: kupiga picha za shughuli, kuongoza wageni, kuwaandikia wengine. Mara nyingi blogu yenyewe haimlipi mtu, lakini humtambulisha kwa wale watakaomlipa.

Hesabu kabla ya kuanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano ufuatao ni wa kufundishia, na kila mtu aweke humo tarakimu zake.

Gharama: vifurushi vya intaneti shilingi 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Nauli za kufuatilia taarifa shilingi 10,000 kwa mwezi ni 120,000. Matengenezo ya simu 60,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 420,000.

Mapato: nyumba mbili za wageni zikilipa 15,000 kila moja, muuza kaa 10,000 na duka la vifaa vya uvuvi 10,000, jumla ni 50,000 kwa mwezi, au 600,000 kwa mwaka.

Ziada ni shilingi 180,000, kabla ya leseni na kodi. Ikiwa blogu hiyo itahitaji leseni ya, tuseme, shilingi 500,000 kwa mwaka, ziada inageuka kuwa hasara ya 320,000. Lakini watu watano wakiungana, mchango wa kila mmoja kwa leseni hiyo ni 100,000, na kazi ya kutafuta watangazaji inagawanyika. Ndiyo sababu swali la leseni huulizwa kabla ya kuandika neno la kwanza.

Sheria na leseni

Mwaka 2018 Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizowataka wanablogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Wakati huo ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya kuanzia 1,000,000, na ada ya kila mwaka 1,000,000. Adhabu ya kukiuka kanuni hizo ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Baadhi ya wanablogu walisimamisha kazi kwa kushindwa gharama. Kanuni hizo zilifutwa na mpya za mwaka 2020, nazo zikafanyiwa marekebisho mwaka 2022.

Kwa kuwa makundi ya leseni na ada hubadilika, mwananchi asitegemee alichosikia kijiweni. Aiandikie TCRA, aeleze blogu yake itahusu nini, na apate jibu la maandishi kuhusu leseni na kiwango cha ada kinachotumika. Anayekusudia kuchapisha habari na matukio ajue kwamba hilo ndilo eneo linalosimamiwa kwa karibu zaidi.

Kuhusu kodi, mwenye kipato anahitaji namba ya mlipakodi, TIN, ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huitoa bila malipo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka pia kodi ya zuio ya asilimia 5 katika malipo anayofanyiwa mtengeneza maudhui ya mtandaoni aliye mkazi wa nchini. Kila tangazo lililolipiwa lihifadhiwe kumbukumbu yake.

Zipo sheria nyingine tatu za kukumbukwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu. Picha ya mgonjwa, ya mtoto au ya mtu aliyefikwa na msiba isichapishwe bila ridhaa inayostahili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wengine. Picha iliyookotwa mtandaoni ina mwenyewe.

Ukweli ndio mtaji

Mahali kama Nyamisati, kosa la mwanablogu halibaki katika simu. Tangazo likisema chombo kitaondoka saa 4 asubuhi, ilhali ratiba imebadilika, mgonjwa mwenye rufaa anaweza kulala gatini na mfanyabiashara akaona samaki wake wakiharibika. Likisema bahari ni shwari siku ambayo si shwari, gharama yake haihesabiki kwa shilingi.

Kwa hiyo kanuni nne zifuatwe. Ratiba na nauli zichukuliwe kwa mwenye chombo au ofisi ya gati, na iandikwe saa na tarehe zilipochukuliwa. Hali ya hewa inukuliwe kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, bila kuongezwa chumvi. Taarifa ikibadilika, ya zamani irekebishwe palepale juu ya ukurasa, na kosa likiri kwa maneno yaliyo wazi. Tangazo lililolipiwa liandikwe kuwa ni tangazo, ili msomaji asidhani ni ushauri wa mwandishi.

Mwanablogu anayezishika kanuni hizi atapoteza tangazo moja au mawili ya watu waliotaka kusifiwa bila stahili. Hata hivyo atapata kile ambacho mtangazaji mwema hukitafuta, yaani wasomaji wanaoamini wanachokisoma.

Huduma za Halmashauri

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kuendesha blogu pamoja na biashara inayoambatana nayo kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa maelezo ya usajili na maombi. Mpango wa biashara uonyeshe wazi gharama za leseni, majina ya biashara zinazotarajiwa kutangaza, na namna mkopo utakavyorejeshwa hata kama AdSense haitalipa senti moja. Afisa Biashara wa Halmashauri ataeleza mahitaji ya leseni ya biashara.

Mwananchi ajihadhari na watu wanaouza akaunti zilizokwisha kukubaliwa na Google, au wanaodai malipo ya awali kwa ahadi ya utajiri wa haraka. Kufungua blogu ni bure. Anayetoza fedha kwa ajili hiyo aeleze anatoza kwa kazi gani.

Maswali ya kujipima

1. Blogu inayokusudiwa itamjibu nani, na swali lake ni lipi?
2. Ni wafanyabiashara gani watatu wa kata wanaoweza kulipia tangazo kila mwezi, na je, wameshaulizwa?
3. Jumla ya gharama za mwaka, pamoja na leseni, ni kiasi gani?
4. Taarifa ya safari ikikosewa leo asubuhi, itarekebishwaje kabla ya maji kujaa?

Asiyeweza kulijibu swali la nne asubiri kwanza. Aliyeyajibu yote manne kwa maandishi ayachukue majibu hayo hadi ofisi ya kata. Hayo ndiyo mwanzo wa mpango wake wa biashara.