Zahanati Mpya, Muuguzi Je?

Zahanati nyingi za mashinani huendeshwa na muuguzi mmoja au wawili. Mmoja akihama, siku za chanjo hupungua, na mama mwenye uchungu usiku hulazimika kupanda bodaboda kwenda mbali. Kwa hivyo ni vyema mkazi aelewe jinsi wataalamu hawa wanavyoajiriwa na kinachowafanya wabaki.

Huduma nyingi za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013. Tangu hapo, wahudumu huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Nafasi lazima zitangazwe. Aidha, bodi hutakiwa kuzingatia kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziwaendee watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Wapo wanaonung'unika kuhusu hilo, lakini kaunti inayowafungia wageni mlango hujipunguzia wataalamu yenyewe.

Pesa nazo zina mipaka. Tume ya Mishahara na Marupurupu hushauri kuhusu malipo, na kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Ni vigumu basi kushindana na hospitali ya kibinafsi kwa mshahara pekee.

Hata hivyo, yako mengi yaliyo mikononi mwa kaunti: mshahara kufika kwa wakati, makato ya pensheni kuwasilishwa, nyumba karibu na kituo, dawa kwenye rafu. Kupandishwa cheo ndiko kunakouma zaidi. Muuguzi aliyekwama daraja moja kwa miaka mingi huku akiona wenzake wakipanda, huanza kutuma maombi kwingine. Naye wa kandarasi fupi huanza kutafuta kazi nyingine siku ile ile anaporipoti. Kumlipia mtumishi masomo ya ubingwa kwa sharti la kurudi kuhudumu husaidia, ila sharti humshikilia kwa muda tu; likiisha, atapima hayo mengine.

Katika vikao vya ushirikishaji wa umma, wakazi huomba sana majengo. Ni nadra mtu kuuliza nani atafanya kazi humo. Waraka wa Mikakati ya Fedha hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo, uliza: wauguzi wangapi waliondoka mwaka uliopita, wangapi walijaziwa nafasi, na ni kiasi gani kimetengewa upandishaji vyeo?

Usipojibiwa kikaoni, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaweza kuliandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Asiyeweza kuandika atasaidiwa na afisa kuliweka ombi lake katika maandishi.