Jamaa ya Epsilon Indi, na Namba Niliyoibandika kwenye Sura



Darsa la safari hii ni la anga, na linaanza na deni langu. Mwaka 2019, nikiwa mwanafunzi wa fizikia hapa Mbarara, tulikwenda Nakivale kuwafundisha wadogo zetu wa sekondari. Nilipewa kipindi baada ya Isha. Nikawaonyesha nyota iitwayo Epsilon Indi, nikawaambia kuwa inafuatana na miili miwili isiyoonekana kwa macho, na kwamba mkubwa kati ya miwili hiyo una uzito wa Mshtarii 75. Hapo ningenyamaza ingetosha. Lakini nikaongeza kwamba Surat At-Tariq ilikuwa ikiizungumzia miili hiyo hasa, na namba 75 ndiyo ushahidi. Takbira zikapigwa. Binti mmoja wa S1, ambaye familia yake ilitoka Kivu, akaiandika namba ile katika daftari lake, kando ya jina la sura.

Nitarudi kwa binti huyo. Kwanza nyota yenyewe.

Mbarara mjini huioni kwa urahisi, maana ni hafifu na taa zimetuzidi. Nakivale unaiona. Makazi yale ya Isingiro, yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yana upungufu wa mambo mengi, lakini giza la usiku wanalo. Nenda mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imeacha na mbingu imetakata, katika siku za mwisho wa mwezi wa Hijria ili mbalamwezi isikusumbue. Ukishaswali Isha, ipe kibla mgongo: kwetu kibla ni kaskazini ukielekea kidogo mashariki, kwa hiyo utakuwa umetazama kusini, upande wa Tanzania. Juu sana utaona nyota moja yenye nguvu, Fomalhaut, jina lililotoka kwenye Kiarabu fam al-hut, kinywa cha samaki. Shuka chini yake hadi nusu ya anga upate nyingine ing'aayo: ni Alnair, kutoka an-nayyir, mzizi uleule wa neno letu nuru. Iko katika kundi linaloitwa Korongo, ndege wa bendera yetu. Sasa nyoosha mkono, kunja ngumi, ngumi moja chini ya Alnair. Nyota ndogo ya rangi ya chungwa iliyofifia hapo ndiyo Epsilon Indi.

Iko umbali wa miaka ya nuru 11.9, jirani kabisa kwa hesabu za anga. Nayo ina mwendo: inahama kati ya nyota nyingine kwa kasi ambayo, kwa macho yetu, itapita upana wa mwezi mpevu kwa miaka 400 hivi. Ni mwendo huo uliowafichua wenzake. Mwezi wa Januari 2003 wanajimu wa Potsdam, Ujerumani, walitangaza kitu hafifu mno kilichoonekana katika picha za anga za miaka tofauti, kikihama upande uleule na kwa kasi ileile ya Epsilon Indi. Kiko mbali nayo: nuru ya nyota inachukua siku 8 na ushei kukifikia, wakati ya Jua hutufikia kwa dakika 8 tu. Lakini ukiona watu wawili wameachana barabarani, mmoja mbele mmoja nyuma, na saa baada ya saa hatua zao ni moja, unajua wametoka nyumba moja. Mwaka huohuo darubini kubwa za Chile zikakitazama kwa makini zaidi, na kumbe ni viwili, vinazungukana.

Hivyo viwili ni vibete vya kahawia. (Jina hilo alilitoa Jill Tarter mwaka 1975. Usitafute rangi ya kahawia, kwa jicho vingekuwa vyekundu vilivyofifia.) Nyota ya kweli, kama Jua, ina uzito wa kutosha kukandamiza kiini chake hadi haidrojeni ianze kuungana kuwa heli, na moto huo ukajiendesha kwa mabilioni ya miaka. Kibete cha kahawia kilizaliwa kwa njia ileile, wingu la gesi likijikusanya, ila kikapungukiwa uzito. Mpaka uko karibu na Mshtarii 75 au 80. Chini ya hapo moto wa haidrojeni haushiki vya kutosha. Ni sigiri iliyowashwa mara moja na haikuongezwa makaa: ina joto lake la mwanzo, na tangu siku hiyo inapoa. Na kama sigiri, kilicho kidogo hupoa mbele. Vibete hivi viwili vina umri mmoja, lakini mkubwa bado ana nyuzi kama 1,000 za Selsiasi, na mdogo kama 600.

Sasa uzito. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo tusiende haraka.

Makadirio ya kwanza, mwaka 2004, hayakuwa kupima. Wataalamu walitazama mwangaza na joto, wakakisia umri, wakauliza nadharia: kitu cha namna hii kina uzito gani? Jibu likawa Mshtarii 47 na 28. Kwa lugha ya darsa zetu, hiyo ni dhana, tena dhana njema yenye sababu.

Mizani ya kweli ni uvutano. Vitu viwili vikizungukana, muda wa mzunguko na upana wake vinakupa uzito wa jumla, kwa sheria ya Kepler tunayoisoma mwaka wa kwanza. Chukua kalamu. Upana ni mara 2.4 ya umbali wa Dunia na Jua, na muda ni miaka 11. Zidisha 2.4 mara tatu kwa yenyewe: 13.8. Zidisha 11 kwa 11: 121. Gawanya, upate 0.114. Hiyo ni sehemu ya uzito wa Jua, na Jua ni sawa na Mshtarii 1,047, kwa hiyo vibete vyetu kwa pamoja ni Mshtarii 119 hivi. Umevipima vitu ambavyo hujaviona wala hutaviona, ukiwa umekaa kwenye benchi.

Tatizo ni kwamba mzunguko wa miaka 11 hausubiriwi kwa wiki mbili. Mwaka 2009 jumla ilitolewa kuwa 121. Mwaka 2018 kundi jingine likapata 75 na 70, jumla 145, mkubwa akiwa mlangoni kabisa pa kuwa nyota. Hiyo ndiyo namba niliyokwenda nayo Nakivale. Kisha 2022 zikatoka hesabu mpya, kwa vipimo vya zaidi ya miaka kumi kutoka Chile, karibu mzunguko wote. Mkubwa ni 66.9, mdogo 53.25.

Ilibidi nirudi. Shule zilikuwa zimefunguliwa Januari 2022 baada ya ule mfungo mrefu wa korona, na Novemba nikapanda tena gari la Nakivale. Nikasema mbele ya watu kwamba namba imebadilika. Binti yule alikuwa bado analo daftari. Akanyanyua mkono.

“Ustadhi, sasa na sura nayo imebadilika?”

Hakuwa anafanya mzaha. Kwake namba na sura vilikuwa mstari mmoja, kwa sababu mimi ndiye niliyeviandika mstari mmoja. Nikamwambia sura haijabadilika, na haikuwahi kusema 75. Hiyo ilikuwa kauli yangu, nami niliitoa bila elimu ya tafsiri.

Akauliza tena, na swali hili lilikuwa la fizikia: “Wale wa 2018 hawakujua kwamba wanaweza kukosea?” Walijua. Walitaja kosa lisilofika Mshtarii 1, na bado tofauti na hesabu mpya ikawa 8. Kosa unaloliandika ni lile unalolijua tu.

Ndugu zangu, sikatai kuitazama mbingu kwa jicho la imani. Surat An-Najm inaitaja Shi'ra kwa jina, na Shi'ra nayo ni nyota mbili: mwaka 1844 Bessel alisema ina mwenzake asiyeonekana, kwa kuwa iliyumba katika mwendo wake, na mwaka 1862 mwenzake akaonekana kwenye darubini. Maana ya sura haikumngoja Bessel. Nilipokosea ni kuipa dhana ya mwaka mmoja nguvu ya yakini, mbele ya watoto wasio na njia ya kuihakiki. Kama una slaidi ya namna ile kwenye simu yako, ya nyota au ya kitu kingine, itazame upya kabla hujaituma.

Hata baada ya hapo jamaa hii imewapa wataalamu jambo jingine. Mwendo wa Epsilon Indi yenyewe ulionyesha kuwa inavutwa na sayari, na mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa Mshtarii 3 hivi. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ikaipiga picha. Sayari ipo, ila haikuwa mahali palipotarajiwa, na uzito wake ni kama mara mbili ya ule.

Zoezi la darsa lijalo. Mwaka 1995 kiligunduliwa kibete cha kahawia kando ya nyota Gliese 229, miaka ya nuru 19 kutoka kwetu. Kwa uzito wake kilikuwa hafifu kupita kiasi, na mwaka 2024 ikabainika ni viwili. Upana wa mzunguko wao ni 0.042 ya umbali wa Dunia na Jua, muda ni siku 12.1. Geuza siku ziwe miaka kwanza, kisha tumia njia ileile. Ukipata karibu na Mshtarii 70, hesabu yako iko sawa, na uje na daftari.