Kumtafuta babu aliyezaliwa utumwani Marekani

Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, msako wa ukoo hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina waliokuwa watumwa. Ukirudi ile ya 1860, unakuta jina la bwana aliyewamiliki tu, na chini yake umri, jinsia na rangi: mwanamume, 30; mtoto wa kike, 4. Hapo acha kwanza kumtafuta babu, watafute waliomzunguka.

Anzia kwa wazee walio hai na vyeti vya vifo, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Sensa hufanywa kila miaka kumi, na tovuti ya FamilySearch inazo bure. Ya 1880 inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pia mahali walipozaliwa wazazi wake. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliangamia baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Umri na tahajia visikutishe: karani aliandika alivyosikia, na mtu wa miaka 35 mwaka 1870 huweza kuwa na 50 miaka kumi baadaye.

Ukimpata 1870, nakili ukurasa mzima na kurasa za jirani, kwa sababu waliotoka shamba moja mara nyingi walibaki karibu karibu. Angalia wazungu wa hapo wenye jina la ukoo kama lake, lakini usiwaamini haraka. Wengine walichukua jina la bwana wa zamani zaidi, wengine walijichagulia. Pitia pia daftari za Freedman's Savings Bank, 1865 hadi 1874: wateja wengi waliandikiwa wazazi, ndugu na watoto wao.

Mimi pesa zangu ningezitumia kwanza kwenye majalada ya pensheni za askari. Wanaume weusi karibu 180,000 walipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na majalada yao yako National Archives. Kwa kuwa sheria haikuitambua ndoa ya watumwa, mjane wa askari aliyedai pensheni alilazimika kuleta mashahidi: aliyehudhuria harusi, mkunga, mtumwa mwenzake wa zamani. Katika maelezo yao hutajwa bwana, shamba, hata dada aliyeuzwa mbali.

Ukishamshuku bwana fulani, nenda kwenye mirathi yake katika mahakama ya kaunti. Watumwa wameorodheshwa humo kwa majina, kila mmoja na bei yake, pamoja na ng'ombe na majembe. Jina moja, tuseme Mary, halithibitishi kitu. Mama na watoto wanne wenye majina na umri unaolingana na kaya yako ya 1870, huo ni ushahidi wa kufuatilia. Kabla hujaiandikia mahakama barua, hakikisha mipaka ya kaunti ya wakati ule: ikiwa iligawanywa baadaye, huenda daftari za zamani zilibaki kwenye kaunti mama.