Ramadhani, siku ya 14: Mtu mzima na gemu la mtoto



Darsa ya leo naichukua mahali ambapo wazee wetu huenda wakashangaa: kwenye magemu. Sizungumzii hukumu ya kucheza, hilo lina darsa yake. Nataka tuangalie tabia moja tu ya wachezaji, kwa sababu imetufuata mpaka msikitini.

Iko hivi. Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005 ilikuja na hesabu ya alama. Ukifanya jambo fulani ndani ya gemu, umemshinda adui mgumu au umemaliza hatua, unapewa alama, na jumla yake inakaa pembeni ya jina lako, marafiki wanaiona. PlayStation nao wakafuata mwaka 2008 kwa vikombe: shaba, fedha, dhahabu, na kile cha platinamu anachopewa aliyevikusanya vingine vyote. Kusudi lilikuwa zuri tu. Alama iwe ushahidi kwamba huyu kacheza kweli.

Sasa tazama watu walivyofanya. Mwaka 2009 Disney walitoa filamu ya Hannah Montana, habari za binti wa shule anayeimba jukwaani kwa jina jingine, na gemu lake likatoka mwaka huohuo. Limetengenezewa watoto wa kike. Lakini baadhi ya walioling'ang'ania walikuwa wanaume wazima wenye ndevu! Filamu hawaipendi, nyimbo hawazipendi, ila walishaambiana kuwa platinamu yake inatoka kwa masaa machache.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, lilikuwepo la katuni ya Avatar, lile la The Burning Earth. Kwenye Xbox 360 alama zake zote 1,000 zilipatikana kwa kupiga mapigo 50 mfululizo. Basi mtu anasimama pale mwanzoni kabisa, anabonyeza kitufe kilekile, dakika chache kamaliza, anatoa diski. Kisa cha gemu hakijui hata kinaishaje. Na alama 1,000 ni zilezile ambazo mwenzake kwenye gemu jingine kazihangaikia wiki nzima. Ukitazama jumla, huwezi kuwatofautisha.

Bila shaka mmeshaanza kuona tunakoelekea.

Tuko siku ya 14. Makundi yetu ya simu yana jedwali la khitima: fulani juzuu ya 14, fulani yuko khitima ya pili. Jambo jema, linatia hima, nami sisemi lifutwe. Lakini yupo ambaye ulimi unakimbia, herufi zinamezwa, aya ya adhabu inapita, aya ya rehema inapita, wala hana habari. Anachokingoja ni kuweka tiki. Na yupo anayetafuta msikiti wa tarawehe kama yule anavyotafuta gemu: jamani, wapi wanamaliza mapema?

Mtume (s.a.w.) alimrudisha mtu mara tatu akaswali tena, naye alikuwa ameswali mbele ya macho yake. Rakaa zilitimia. Kilichokosekana ni utulivu katika rukuu, katika kuinuka na katika sijda. Na Abdullah bin Amr alipotaka kuikhitimu Qur'ani upesi upesi, Mtume alimwambia kuwa anayeimaliza chini ya siku tatu haifahamu. Wapo wema waliotangulia waliokhitimu haraka zaidi Ramadhani, na wanavyuoni wameyaeleza hayo. Ila wao walikuwa wanajua wanachokisoma. Sisi wengi, tuseme ukweli, hata maana ya Suratul-Asr twaibabaisha.

Hapa tusichanganye mambo. Wepesi si aibu katika dini yetu. Ile hadithi ya mwisho katika Sahihi Bukhari ni ya maneno mawili ya tasbihi, mepesi ulimini, mazito kwenye mizani. Tende moja ya futari ni rahisi, na tabasamu kwa ndugu yako halina gharama. Kwa hiyo mwenye kufuata amali nyepesi hana kosa. Mama aliyeshinda jikoni na mtoto mgongoni, tasbihi zake za kwenye moshi huenda zikampita mwenye khitima tatu. Yule mwenye padi hakuharibu kwa kuchagua jepesi. Aliharibu kwa kuwa kile kitu chenyewe hakukitaka hata kidogo. Alitaka namba, na wenzake waione.

Tena kuna jambo linanichekesha na kunitisha. Jumla ya alama huficha, lakini orodha ipo. Rafiki akibonyeza jina lako, gemu moja moja linatokea, na wachezaji wengi waliona haya Hannah Montana alipojitokeza hapo. Sasa sisi tuna kitabu ambacho Allah katuambia katika Suratul-Kahf kwamba hakiachi dogo wala kubwa. Huko haisomwi jumla.

Jedwali la kundi linaendelea kama kawaida. Ila kuanzia leo ukiweka tiki, andika pembeni aya moja iliyokusimamisha, hata namba yake tu. Asiyeipata aweke tiki yake vilevile, hakuna atakayemuuliza. Usiku huu ajaribu ukurasa mmoja, polepole, na tafsiri ya Sheikh Al-Barwani au nyingine aliyonayo iwe wazi mkononi.

Kesho in shaa Allah: fidia ya asiyeweza kufunga. Wenye maswali yatumeni kabla ya Alasiri.