Dondoo muhimu: Mbwa mwindaji na kuku wa uani

Kinachoamsha silika ya mbwa mwindaji ni mwendo: kuku akipiga mabawa au kutimua mbio, mbwa naye humfukuza papo hapo. Silika hii ni kali zaidi kwa mbwa waliozalishwa kwa uwindaji, kama greyhound na terrier, na kipigo hakiiondoi. Kumfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni, kama wafanyavyo baadhi ya wafugaji, ni kumtesa bure.

Kinga ya kweli ni banda. Wavu mwepesi wa kuku huzuia kuku wasitoke, lakini mbwa mwenye nguvu huurarua. Unaofaa ni wavu mzito wa chuma uliochomelewa, ukifukiwa kama sentimita 30 ardhini ili asichimbe na kupenya.

Mafunzo huanza mbwa akiwa kwenye kamba, mbali na kuku. Dalili ya kwanza kwamba anataka kufukuza ni mwili kukakamaa, mdomo kufumbwa na macho kuganda. Hapo ndipo huitwa, na akigeuka hupewa kipande cha nyama mara moja. Umbali hupunguzwa polepole, kwa wiki nyingi. Hata mbwa anayetulia mbele ya mmiliki wake haachwi peke yake na kuku, hasa wenye vifaranga.