Intaneti Imekata? Usikimbilie Kuriseti Ruta

Wanafunzi wenzangu, hapa Khuwair ya Kusini wengi wetu tunagawana fleti moja na ruta moja. Ikigoma usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu, utaona mtu keshashika pini anachokoa kitundu cha riseti. Ngoja kwanza! Riseti inafuta hata jina na neno la siri mlilopewa na kampuni. Kama hamkuyaandika pahala, ndiyo mmejifungia nje.

Mimi hufuata mpango huu:

1. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Intaneti ikipatikana, laini ni nzima. Ugonjwa uko kwenye wayalesi, nenda namba 3.

2. Isipopatikana, tazama anwani ya IP ya kompyuta. Ikianza na 169.254, ruta haijaipa anwani: izime, subiri sekunde 30, iwashe. Ikianza na 192.168, ruta inakusikia. Fungua ukurasa wake kwenye brauza, mara nyingi ni 192.168.1.1, uone kama laini ya nje imeunganishwa. Kama bado, pigieni kampuni.

3. Kuta za zege hudhoofisha mawimbi, basi weka ruta juu, katikati ya nyumba. Kwenye 2.4 GHz, tumia chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache.

Mkimaliza, wekeni ulinzi wa WPA2 au WPA3. WEP huvunjwa kwa dakika chache tu, na mgeni akifanya maovu kwenye laini yenu, wa kwanza kuulizwa ni mwenye mkataba.